Mabano katika jina la kipunji

Katika vitabu vya wanyama kima wa Rungwe huandikwa hivi: Rungwecebus kipunji (Ehardt, Butynski, Jones na Davenport, 2005). Wengi huyapita yale mabano bila kuyatazama. Kwangu mimi niliyebobea katika uainishaji wa mamalia, mabano hayo yana habari nzima: mnyama huyu amehamishwa. Hao wanne walimpa jina, lakini hawakumweka kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, aliyomo leo.

Tangu toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha uainishaji cha mwanasayansi Linnaeus, mwaka 1758, kila spishi ya mnyama hubeba maneno mawili, na kazi zake ni tofauti kabisa. Neno la kwanza, la jenasi, ni dai la undugu: tunasema huyu ni wa ukoo mmoja na fulani na fulani. Ushahidi ukilipinga dai hilo, neno hubadilishwa. La pili limefungwa kwa mnyama mmoja aliyeteuliwa kuwa kielelezo siku spishi ilipotangazwa, nalo humfuata popote anapohamishiwa.

Wanyakyusa wa Rungwe walimjua kipunji kabla yetu, na nafurahi kwamba neno lao ndilo lililochukuliwa. Makundi mawili ya watafiti yalimwona kila moja kivyake, moja kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, jingine Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kilomita zipatazo 350 kutoka hapo. Walipotangaza kwa pamoja mwaka 2005 walimwita Lophocebus kipunji, yaani walimhesabu kuwa mangabei, kundi jingine la kima wa Afrika. Hoja zao zilikuwa nzuri: anaishi juu ya miti, na kope zake ni nyeusi, si nyeupe kama za mangabei wale wanaotembea chini.

Kielelezo chao kilikuwa kipunji aliye hai, aliyeonyeshwa kwa picha. Wapo wenzetu waliolalamika kwamba bila ngozi na fuvu hakuna cha kupima. Mimi nasimama na wale watafiti. Kanuni za kuwapa wanyama majina zinaruhusu, na kumuua mnyama adimu namna ile ili tu droo ya makumbusho ijae ni jambo lisilokubalika.

Baadaye kipunji mmoja kijana alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Vinasaba vyake vilimsogeza karibu na nyani kuliko mangabei, ilhali hana ule uso mrefu wa nyani. Hakuenea kwenye jenasi yoyote iliyokuwapo, ndiyo maana mwaka 2006 akaundiwa yake, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Uchunguzi haukukoma hapo. Vinasaba vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama, vinaonyesha kwamba vipunji wa Rungwe waliwahi kuchanganya damu na nyani, lakini alama hiyo haikuonekana kwa wale wa Ndundulu. Kwa sasa wote ni spishi moja. Ikitokea siku moja wakatenganishwa, hatutapiga kura nani abaki na jina: litabaki kwa kundi alikotoka yule wa kwenye picha, na kundi la pili litatafutiwa jina jipya.