Chozi wa Pemba si kolibri

Weka mtandaoni picha ya ndege mdogo anayemeta, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, uone kama hatatokea mtu wa kukuambia, "Kolibri huyo!" Siye. Kolibri wote ni wa Amerika. Afrika hatuna hata mmoja wa porini. Huyu ni chozi, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na shomoro, wakati kolibri ni jamaa wa teleka. Wamefanana kwa sababu kazi yao ni moja: kunywa nekta, yaani maji matamu ya maua. Mtazame tu akila. Kolibri hunywa akiwa hewani, mabawa yakivuma. Chozi hutua, akashika kikonyo, akajipinda hata kichwa kikaelekea chini. Kuelea anaweza, ila si desturi yake. Hata hivyo tusiwacheke sana wanaokosea, kwani Shelisheli chozi wa kwao huitwa kolibri hasa kwa Krioli.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi: "Chozi ni chozi, hata Unguja wapo." Wapo, lakini si huyu. Chozi wa Pemba, aliyepewa jina la kisayansi Cinnyris pembae na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1905, makao yake ni Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, basi. Sababu iko chini ya bahari. Zama za barafu, maji yaliposhuka kwa takriban mita 120, Unguja ilishikana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700, hivyo Pemba ilibaki kisiwa vilevile. Aliyefika huko alifika kwa kuruka au kupeperushwa, na vizazi vyake vikashika njia yao wenyewe. Ndivyo Pemba ilivyopata pia ninga wake, bundi wake na kinengenenge wake.

Je, ni mweusi au kijani? Dume akiwa kivulini utaapa ni mweusi. Nyemelea karara la mnazi lililopasuka, subiri ageuze shingo kwenye jua: kichwa kinawaka kijani, kifua kinatoa zambarau, kisha vyote vinazimika. Manyoya yale hayana rangi ya kijani ndani yake. Ni tabaka nyembamba zinazocheza na mwanga, kama utando wa mafuta juu ya dimbwi. Jike hana mng'ao huo, na wengi humdhania ndege mwingine kabisa.

Wapo wanaosema anaishi kwa nekta tu. Hapana: chozi hula wadudu na buibui pia, na makinda hulishwa hao hasa, kwani sukari haijengi misuli. Utando wa buibui nao chozi huutumia kufungia kiota chao kinachoning'inia. Mdomo wenyewe si mrija. Kinachofanya kazi ni ulimi, uliojikunja kama bomba.

Na karafuu, ambazo wengine husema anaziharibu? Haharibu. Karafuu huchumwa ikiwa bado kichomozo, kabla ua halijafunguka, kwa hiyo kwenye mkarafuu uliochumwa vizuri hapati kitu.

Wala haishi msitu wa Ngezi wa huko Pemba peke yake. Yuko mashambani, kwenye bustani, kando ya barabara, wala hayumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Udogo wa kisiwa huwafanya watu wamlilie kabla ya wakati.

Tena usiseme anajipenda ukimkuta kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe, akidonoa, akirudi nyuma, akadonoa tena. Anamwona dume mwingine ndani ya eneo lake, na anamfukuza. Mwenye pikipiki akitaka amani, avishe kioo mfuko.