Gitaa la Sanduku la Sigaa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sigaa ni zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa. Huko Marekani, katika karne ya 19, masanduku yake ya mbao yaligeuka mwili wa ala za muziki kwa watu wasio na fedha za kununua ala ya dukani. Mchoro wa Edwin Forbes wa mwaka 1876 unaonyesha askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiwa kambini, mmoja anapiga fidla ya sanduku la namna hiyo. Ufundi huo ungali hai na mtu yeyote mwenye msumeno, patasi na tupa anaweza kuuanza. Wanaoanza wengi hukwama kwa sababu ya mambo waliyoyasikia, na mbao nzuri huharibika bure.

Dhana: Sanduku ndilo linalobeba nyuzi, kwa hiyo lazima liwe nene.

Nyuzi tatu zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 30 hivi, pengine zaidi. Mfuniko wa milimita 3 hauwezi mvuto huo, wala hautakiwi kuubeba. Mti mmoja, yaani shingo, hupenya sanduku kutoka upande mmoja hadi wa pili na kutokeza sentimita chache mkiani. Nyuzi hushikwa na mti huo huo, kichwani na mkiani. Anayelijua zeze la Wagogo hataona kigeni hapa: fimbo imepenya kibuyu, nacho kibuyu kimeachiwa kazi ya kukuza sauti.

Shingo ya kuanzia iwe na upana wa milimita 38, unene wa 19 na urefu wa sentimita 90. Tumia mti mgumu uliokauka vizuri. Mninga au mvule unafaa sana. Msonobari hukunjwa na mvuto wa nyuzi, na mbao mbichi hujipinda yenyewe hata kabla ya nyuzi kufungwa. Kabla ya kununua, inua ubao usawa wa jicho na utazame ukingo wake kama mtu anayelenga shabaha. Ukiona umepinda hata kidogo, urudishe.

Sasa linakuja kosa linaloua magitaa mengi kuliko jingine lolote: kugandisha shingo moja kwa moja chini ya mfuniko. Mfuniko ndio ngozi ya ngoma. Ukibanwa, sauti inakuwa kama ya kugonga meza. Kwenye sehemu ya shingo inayokaa ndani ya sanduku, chonga kwa patasi kina kinacholingana na unene wa mfuniko, kisha ongeza milimita 3 za nafasi. Mfuniko ukiwa na milimita 3, jumla ni 6. Usizidishe hapo, maana mti utabaki mwembamba na utapinda mahali pale pale ulipouchonga.

Dhana: Tundu kubwa ndilo linaloleta sauti kubwa.

Sauti inatoka kwenye mfuniko unaotetemeka. Tundu moja au mawili ya kipenyo cha milimita 20 hadi 25 yanatosha, yawekwe pembeni, mbali na daraja, yaani kipande kinachoinua nyuzi juu ya mfuniko. Ukikata tundu kubwa katikati, umekata mbao ile ile iliyotakiwa kutetemeka. Plaiwudi nyembamba au mbao nyembamba huimba. Ubao mzito wa unga wa mbao hukaa kimya. Kagua pia kibanio na bawaba za sanduku. Kikilegea kimoja tu, kila noti itakuwa na mlio wa nyuki, nawe utahangaika kuutafuta kwenye nyuzi.

Dhana: Freti unaweza kuzipanga kwa jicho, au kunakili kutoka gitaa lolote.

Freti ni vile vipande vya waya vinavyovuka shingo, unapobonyeza uzi kupata noti. Kunakili kunakubalika kama urefu wa uzi ni ule ule, yaani kutoka kizingiti cha kichwani (kipande kinachoinua nyuzi mwanzo wa shingo) hadi daraja. Urefu ukitofautiana, freti zote zinakosea. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa urefu wa uzi kwa 17.817 upate umbali wa freti ya kwanza. Toa umbali huo kwenye urefu wote, kilichobaki ukigawe tena kwa 17.817 upate hatua ya pili, na kuendelea hivyo hivyo.

Kwa uzi wa milimita 635, freti ya 1 iko milimita 35.6 kutoka kizingitini, ya 2 iko 69.3, ya 3 iko 101.0, ya 4 iko 131.0, ya 5 iko 159.3, ya 7 iko 211.2, na ya 12 iko 317.5, nusu kamili ya uzi. Kama ya 12 haikuangukia nusu, umekosea mahali. Rudia kabla hujashika msumeno.

Pima kila freti kutoka kizingitini, usipime kutoka freti moja hadi nyingine. Mstari wa penseli wenyewe una unene wa karibu nusu milimita, na kosa dogo kama hilo likirudiwa mara 12 linakuwa kubwa. Kosa la milimita 3 karibu na freti ya 7 ni kama sehemu moja ya nane ya nusu-toni, yaani hatua ya freti moja. Piga noti hiyo pamoja na uzi wa jirani ulioachwa wazi na utasikia sauti mbili zikitikisana.

Dhana: Bila freti si gitaa.

Kwa mchezo wa kuteleza, freti hazihitajiki kabisa. Chora mistari tu, kisha teleza juu yake kwa shingo ya chupa iliyosuguliwa makali au soketi ya spana. Kitelezi kikae juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama unavyoweka kidole. Nyuzi ziinuliwe hadi milimita 6 hivi kwenye alama ya 12 ili kitelezi kisigonge mti. Gitaa lenye freti linataka milimita 2.5 hadi 3 tu mahali hapo.

Dhana: Daraja ligandishwe mapema, ndipo likae imara.

Daraja hushikwa na mvuto wa nyuzi. Bolti ndefu ya kawaida inafaa, tena mifereji yake inazuia nyuzi kuhama. Liweke kwanza milimita 635 kutoka kizingitini, kisha utyuni, yaani ukaze nyuzi hadi kila moja itoe noti yake. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, usikilize sauti ile nyembamba. Halafu ubonyeze pale pale. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani, milimita moja moja. Ikiwa chini, lirudishe mbele. Uzi mnene kwa kawaida hutaka nafasi zaidi, ndiyo maana daraja huishia kukaa mshazari kidogo. Ukiwa umeligandisha, huna la kufanya ila kulibandua.

Dhana: Nyuzi lazima ziwe sita, na waya wowote unatosha.

Tatu zinatosha kwa kuanzia. Nunua seti ya kawaida ya gitaa la akustika, uchukue uzi wa 5, wa 4 na wa 3. Wa 5, ambao noti yake ni A, ulegezwe hadi G. Wa 4 ubaki D, na wa 3 ubaki G. Kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi zote tatu kinatoa kodi, yaani noti zinazolia pamoja, inayokwenda na nyimbo nyingi. Kwenye kizingiti, chonga mifereji milimita 7, 19 na 31 kutoka ukingoni. Waya wa kawaida wa kufungia hurefuka polepole, na tyuni haikai.

Mkiani, toboa matundu matatu ya milimita 3 upitishe nyuzi. Uzi mwembamba hula mti taratibu, kwa hiyo funika ukingo huo kwa bawaba ndogo ya mlango: nyuzi zipite juu ya chuma, na mti hautachimbika.