Radio trottoir na mwanafunzi aliyepotea: kukisia mtandaoni ni nini

Kukisia mtandaoni ni pale watu wengi, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeshuhudia tukio, wanapoanza kuijaza hadharani hadithi ya mtu asiyeonekana, kila mmoja akiongeza kipande chake. Si lazima wawe waongo. Wengi wana uchungu wa kweli, na baadhi yao wanamfahamu aliyepotea. Ila habari hawana. Wana picha moja, jina moja na hofu waliyokuwa nayo hata kabla ya kuiona picha hiyo.

Hapa Lubumbashi jambo hili lina mzazi wake. Tangu enzi za rais Mobutu, Wakongomani wameziita habari zinazopita mdomo kwa mdomo sokoni, kwenye foleni na kwenye kilio "radio trottoir", redio ya kando ya barabara. Ilishamiri kwa sababu redio ya serikali ilikuwa na mengi ya kusifu na machache ya kueleza. Aliyeisikiliza radio trottoir hakuwa mjinga. Mara nyingi ndiyo iliyomwambia mapema kwamba bei itapanda, kwamba askari hawajalipwa, kwamba leo asipite njia fulani. Leo redio hiyo imehamia WhatsApp na Facebook, na hakuna kinachoiwasha haraka kama mwanafunzi aliyepotea: kijana, picha nzuri, familia iliyojinyima ili kulipa minerval, yaani ada ya chuo, na kampasi yenye maelfu ya watu wanaofahamiana nusunusu.

Tuangalie inavyokwenda. Tuseme msichana wa mwaka wa pili anayekaa kwenye homu, yaani mabweni, za kampasi ya Kasapa ametoka Alhamisi jioni kwenda kununua mega za intaneti, na Ijumaa asubuhi wenzake wanaona kitanda chake hakikulaliwa. Baba yake anaandika tangazo, lile ambalo wote tunaliita avis de recherche: picha, jina, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, tarehe, namba mbili za simu. Tangazo hilo lina kazi moja tu, kwamba aliyemwona apige simu. Hadi jioni limeshapita kwenye grupu za promosheni, yaani za wanafunzi wa mwaka mmoja, za parokia, za watu wa kijiji kimoja, za wafanyabiashara wa Kenya na Katuba, mitaa ya hapa mjini. Mahali fulani njiani mtu anapiga picha ya kioo cha simu yake badala ya kutuma ujumbe wenyewe, na picha hiyo inakata mistari ya chini. Tarehe imeondoka. Namba za baba zimeondoka. Umebaki uso wa msichana na neno "amepotea", na kuanzia hapo anayeuona hana pa kupiga simu. Ana pa kuandika tu.

Basi wanaandika. Inakuja odio ya mwanamume ambaye hakuna anayemjua: "Banasema balimuona ku Kasumbalesa." Nani wanasema? Haulizwi. Kasumbalesa ni jibu linalokuja upesi kwa sababu ni mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa, malori yamepanga foleni usiku na mchana, na kila mtu ameshasikia kisa cha mtu aliyevuka na hakurudi. Kesho yake "banasema" imeshatolewa. Sasa ni "alionekana Kasumbalesa". Halafu anaongezwa manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, na pikipiki yake inapewa rangi. Halafu mchumba, ambaye sharti awe mtoto wa mkubwa fulani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwa mtu aliyemwona msichana. Vyote vimetoka kwa watu wanaojua kisa cha namna hii kwa kawaida huishaje.

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza kwamba nguvu ya tetesi inategemea vitu viwili: jambo lina uzito kiasi gani kwa watu, na habari zake zina giza kiasi gani. Wakasema viwili hivi havijumlishwi, vinazidishwa. Kimoja kikiwa sifuri, tetesi haipo. Mwanafunzi aliyepotea anavileta vyote viwili kwa kipimo cha juu kabisa: hakuna mzazi asiyeguswa, na hakuna mtu anayejua kitu.

Wawili hao walifanya pia jaribio ambalo kila msimamizi wa grupu angefaa kulijua. Walimwonyesha mtu mchoro wa ndani ya treni ya mjini, ambamo Mzungu mwenye wembe mkononi anabishana na mtu mweusi. Aliyeuona alimsimulia mwenzake ambaye hakuuona, naye akamsimulia wa tatu, hivyohivyo hadi mwisho wa mstari. Mara nyingi, kabla hadithi haijafika mwisho, wembe ulikuwa umehama. Ulikuwa mkononi mwa yule mweusi. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila msimulizi alirekebisha kidogo ili hadithi ifanane na yale aliyokwisha kuyaamini, na wembe ukaenda kwa mtu ambaye Marekani ya wakati ule ilikuwa imeshamshuku.

Mimi naona hapo ndipo kiini cha dhana hii kilipo. Kukisia hakumtafuti aliyefanya. Kunamtafuta anayefanana na aliyefanya, na sura hiyo ilichorwa zamani. Katika mji wetu sura zinajulikana: manseba, shege, yaani mtoto wa mtaani, mtu wa kanisa lenye maombi ya usiku, mtoto wa tajiri, na mara nyingi mno, yule "aliyekuja juzi kutoka Kasai", eneo jingine la nchi yetu. Katanga, eneo letu hili, ina kumbukumbu ya lugha hiyo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi Likasi, Kolwezi na kwingineko, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukuhuku. Mtu anayeandika leo chini ya picha ya msichana kwamba "hawa wageni ndio wanateka watoto wetu" anauhamisha wembe kwenda mkono uleule, na kuna watu mjini wanaokumbuka hilo liliishia wapi.

Kampasi yetu yenyewe ina somo lake, na ni zito. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wiki zilizofuata, wanafunzi wa Lubumbashi waliwapiga wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa utawala. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, kikosi kilivamia kampasi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, wengine mamia, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Hesabu inabishaniwa hadi leo. Ninalitaja tukio hili kwa sababu mbili zinazovutana. Kwanza, linaonyesha kwa nini watu wetu hawaachi kukisia: walishaambiwa "mmoja" na hawakuamini, wala hawakupewa sababu nzuri ya kuamini. Pili, linaonyesha kwamba hata kabla ya askari kufika, shaka tupu ilikuwa imeshawaumiza vijana ndani ya kampasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali nasi, Marekani, mwaka 2013. Tarehe 16 Machi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, alitoka alipokuwa akiishi na hakuonekana tena. Familia yake ilifungua ukurasa wa Facebook wa kumtafuta. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Aprili, mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston na kuua watu 3. FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, ilipotoa picha za washukiwa wawili tarehe 18, watumiaji wa Reddit, mtandao wa majadiliano, waliokuwa wakijifanyia upelelezi wao walimlinganisha mmoja wao na kijana aliyepotea, na usiku uleule jina lake likaenea kote, likabebwa hata na baadhi ya waandishi wa habari. Ushahidi ulikuwa nini? Uso uliofanana kidogo, na kwamba hajulikani alipo. Asubuhi ilibainika kwamba washukiwa halisi ni watu wengine kabisa. Kijana alipatikana amefariki mtoni Providence tarehe 23 Aprili. Meneja mkuu wa Reddit aliiomba familia radhi.

Wengi huishia hapo kwenye radhi. Mimi kinachonikaa moyoni ni ule ukurasa wa Facebook. Usiku ule ulijazwa matusi na vitisho hadi familia ikalazimika kuuondoa kwa muda. Chombo walichokuwa nacho cha kupokea habari za mtoto wao kilizimwa na watu walioamini wanasaidia. Mwaka huohuo, Los Angeles, mwanafunzi kutoka Kanada alipotea hotelini na baadaye akakutwa amekufa ndani ya tangi la maji juu ya paa. Polisi walikuwa wametoa video yake akiwa ndani ya lifti, na watu wakaichambua sekunde kwa sekunde hadi wakamtuhumu mwanamuziki wa Meksiko aliyewahi kulala hoteli ile mwaka uliotangulia. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alizama kwa ajali, maradhi yake ya akili yakichangia. Mwanamuziki alibaki na vitisho.

Kwa hiyo tofauti ya kutafuta na kukisia haiko kwenye nia. Iko kwenye mahali jibu linapokwenda. Anayetafuta ana swali linaloweza kuthibitishwa na mtu wa kulipelekea. "Nilimwona Ijumaa saa tatu usiku karibu na lango la kampasi, amevaa sweta ya kijani": hilo linapelekwa kwa baba yake au kwa polisi, mtu mmoja, kwa simu, na linaweza kuonekana ni kweli au si kweli. Familia inayotafuta hapa kwetu hupita makasho, yaani mahabusu, ya polisi, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hospitali ya Sendwe, kliniki za chuo kikuu, na mwisho kabisa, huku miguu ikikataa, chumba cha maiti. Kila mlango unajibu ndiyo au hapana. Grupu haijibu ndiyo wala hapana. Inajibu "inawezekana", na "inawezekana" haina mwisho.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwa anayesoma tu. Kila "alionekana" mpya ni safari kwa ndugu wa msichana: pesa ya taksi, siku moja, moyo mmoja uliopanda na kushuka. Na namba ya baba, pale ilipobaki kwenye tangazo, huvutia pia watu wasio na mtoto wala habari zake, wanaopiga na kusema "tunaye, tuma pesa". Kadiri maelezo yaliyomwagwa hadharani yanavyokuwa mengi, ndivyo mwongo huyo anavyokuwa na maneno ya kumshawishi mama.

Sheria ipo. Sheria ya masuala ya kidijitali ya Kongo (code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, faini ya faranga za Kongo 500,000 hadi 1,000,000, au moja ya adhabu hizo. Neno la kuangalia ni "kusambaza". Si mwandishi wa kwanza peke yake anayehusika. Lakini sheria hiyohiyo imetumika pia dhidi ya waandishi wa habari, na mimi siitegemei kuponya ugonjwa huu. Watu wakiogopa kuandika watanong'ona, maana giza linabaki palepale.

Giza hupunguzwa na anayejua akisema. Polisi au chuo wakitoa neno kila jioni, hata kama neno ni "leo hatujapata jipya, tumefika mahali fulani na fulani", watu wana kitu cha kushika, na yule wa Kasumbalesa anapata ushindani. Kukaa kimya wiki nzima halafu kulaumu "wapotoshaji wa mitandaoni" ni kuwasha moto na kulalamikia moshi. Familia nayo inasaidika ikimchagua msemaji mmoja, kaka au dada mkubwa, au mjomba mwenye utulivu, na kila tangazo likiwa na tarehe kubwa iliyoandikwa juu ya picha yenyewe, si chini yake, ili isikatwe.

Halafu kuna jambo tunalolisahau: wapo wanaorudi. Amelala kwa shangazi Likasi kwa sababu matokeo ya mtihani yalimshinda kuyasema nyumbani. Ameugua. Amekimbia mtu aliyekuwa akimtisha, na hataki mtu huyo ajue aliko. Anarudi na kukuta mji mzima umeshaamua alikuwa na nani na alifanya nini, na tangazo la "amepatikana" limesambazwa na watu wachache mno kuliko lile la kwanza. Hana deni la kueleza. Mtu mzima aliyepatikana salama anaweza kuiambia familia na polisi kilichotokea na kuwanyima wengine wote, na hiyo ni haki yake hata kama tulimwombea usiku kucha. Msimamizi wa grupu ana kazi siku hiyo: kuondoa picha zake, na pale lilipoandikwa jina la manseba au la mchumba, kuandika palepale, kwa watu walewale, kwamba hakuhusika.