Kwa nini nyumbu wa Serengeti waliongezeka: kazi ya Anthony Sinclair

Wanafunzi wanaponiuliza kazi ya mwanaikolojia wa idadi ya wanyama ni ipi hasa, huwaeleza habari za Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika na kuanza utafiti wake Serengeti mwaka 1965, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa huko walikadiriwa kuwa takriban 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege zilitosha kuonyesha ongezeko hilo, ila hazikuweza kueleza lilitokana na nini.

Jibu la kwanza lilipatikana kwenye damu. Nyati waliozaliwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 walikuwa na kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza ukiambukizwa) za sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiwaua ng'ombe, nyati na nyumbu, na waliozaliwa baadaye hawakuwa nazo. Sotoka ilikuwa imetoweka mbugani baada ya ng'ombe wa wafugaji wa maeneo ya jirani kuchanjwa, jambo lililothibitisha kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza wanyamapori, wala si kinyume chake kama wengi walivyodhani.

Kilichonivutia zaidi ni swali la pili: kwa nini ongezeko lilikoma? Hapa mtafiti hupasua mfupa wa paja wa mzoga na kutazama uboho. Ukiwa mweupe na mgumu, mnyama alikufa akiwa na akiba ya mafuta. Ukiwa mwekundu na wa rojorojo, alikuwa amedhoofu kwa njaa, kwa kuwa mafuta ya uboho ndiyo ya mwisho kutumiwa na mwili. Mizoga ya nyati na nyumbu ilionyesha kwamba uhaba wa majani yenye protini wakati wa kiangazi ndio uliokuwa ukiwapunguza zaidi kuliko simba. Kiangazi kikali cha mwaka 1993 kilithibitisha hayo, kwani nyumbu walishuka chini ya milioni moja.

Nyumbu walipokuwa wengi walikula nyasi ambazo zamani ziliteketea kwa moto, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Badiliko hilo huchukua miongo, na Sinclair aliliona kwa sababu aliendelea kurudi Serengeti hata alipokuwa profesa Kanada. Ndiyo maana napinga kwa dhati mtindo wa kufadhili utafiti wa wanyama kwa miaka miwili au mitatu tu: mti haukui ndani ya muda huo, na kiangazi kama cha 1993 huenda kisitokee kabisa.