Ngome ya Yesu haikujengwa iwe jela

Wengi wetu tulilelewa na hadithi kwamba Ngome ya Yesu, pale kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, Wareno waliijenga iwe jela ya watumwa. Sivyo. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na lengo lilikuwa kulinda bandari. Ndani waliishi askari, na kanisa lilikuwemo.

Jela ilikuja baadaye sana: Waingereza ndio walioigeuza hivyo, kuanzia 1895 hadi 1958. Babu zetu waliokumbuka minyororo hawakusema uongo. Ni karne tu zilizochanganyika. Hata neno gereza lilichangia. Wataalamu wengi wa lugha hulitoa kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno, na Waswahili wa zamani waliliita boma lenyewe gereza kabla neno halijamaanisha kifungo.

Ukienda, usiishie kwenye mizinga. Panda hadi Nyumba ya Waomani, juu ya buruji (ngome ndogo ya pembeni) la São Filipe. Waomani waliiteka ngome Desemba 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, na wakaifanya makazi.