Adapta ya valvu: ni nini, na inafanya nini ndani ya amplifaya

Adapta ya valvu ni kipande kidogo chenye pini upande wa chini na soketi upande wa juu. Pini zinaingia kwenye soketi ya amplifaya, na ile soketi ya juu inapokea valvu ambayo isingeingia pale, au ingeingia lakini pini zake zikaangukia mahali pasipo pake. Katikati mna nyaya fupi tu, zinazotoa umeme pini hii na kuupeleka pini ile. (Valvu ni ile chupa ya kioo inayong'aa ndani ya redio na amplifaya za zamani, wengine huiita tyubu.)

Hizo nyaya fupi ndizo habari yenyewe. Wengi hudhani adapta inarekebisha umeme ili uifae valvu mpya. Hairekebishi. Volti zilizokuwa zikifika kwenye soketi zinafika vilevile, na valvu itakula kile kilichopikwa kwa ajili ya mwenzake. Zipo adapta chache zenye rezista (vipande vya kuzuia umeme) ndani, kama zile za kuweka valvu ya EL84 kwenye soketi ya valvu ya 6L6 au EL34, lakini hizo ni jamii nyingine.

Tuchukue mfano wa kawaida, valvu ya 6SN7 badala ya 12AU7. Zote ni trayodi pacha, yaani valvu mbili ndani ya chupa moja, na ukuzaji wake, yaani mara ngapi inakuza ishara, unakaribiana: 6SN7 ni 20, 12AU7 ni kati ya 17 na 20. Ila 12AU7 ina pini 9 nyembamba zinazotoka kwenye kioo chenyewe, na 6SN7 ina pini 8 nene kwenye kitako. Nusu ya kwanza ya 12AU7 ina anodi (inayopokea elektroni) pini 1, gridi (inayozidhibiti) 2, kathodi (inayozitoa) 3. Kwenye 6SN7, nusu moja ina gridi pini 4, anodi 5, kathodi 6. Basi adapta inavuta waya kutoka 1 ya chini hadi 5 ya juu, 2 hadi 4, 3 hadi 6. Nusu ya pili nayo: 6 hadi 2, 7 hadi 1, 8 hadi 3.

Hapo hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye hita, ule waya unaopasha kathodi moto. Hita ya 12AU7 ina ncha mbili, pini 4 na 5, na katikati yake imetolewa pini 9. Ukiilisha volti 12.6 kati ya 4 na 5, inavuta miliampea 150. Ukiunganisha 4 na 5 pamoja na kuleta waya wa pili kwenye 9, inatosheka na volti 6.3 na kuvuta 300. Sasa 6SN7 inataka volti 6.3 na miliampea 600, mara mbili. Amplifaya yenye 12AU7 mbili za volti 6.3 ilikuwa inatoa ampea 0.6, na kwa 6SN7 mbili ghafla inadaiwa 1.2. Transfoma iliyotengenezwa kwa kubana matumizi itachemka. Pima volti za hita valvu ikiwa inafanya kazi: zikishuka chini ya 5.7 hivi, achana na mpango huo.

Kuna baya zaidi. Ikiwa amplifaya yako inapeleka 12.6 kati ya pini 4 na 5, adapta ya 6SN7, ambayo huziunganisha pini hizo mbili, inapiga shoti palepale. Hapo kinachohitajika ni 12SN7 na adapta iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Volti za anodi nazo hazina huruma. ECC88 inaingia vizuri kwenye soketi ya 12AX7, na hita hurekebishika kwa adapta. Lakini anodi yake haitakiwi kuzidi volti 130, ilhali 12AX7 inahimili 300. Isitoshe, ukuzaji wake ni 33 mbele ya 100 ya mwenzake. Adapta haina la kufanya hapo.

Kabla ya kufunga, shika adapta mkononi na uipime kwa multimita, pini moja moja. Pini huhesabiwa kwa mwendo wa saa ukizitazama kwa chini, kuanzia kwenye pengo, au kwenye ufunguo wa katikati kwa zile za pini 8. Ukitazama soketi kwa juu, hesabu inageuka. Mimi mwenyewe nimewahi kuhesabu kwa juu nikailaumu adapta nzima. Kisha zima amplifaya, chomoa waya wa umeme, acha valvu zipoe. Kapasita hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuzima, kwa hiyo vidole visiingie chini ya chesi mpaka umepima na kuhakikisha umeme umekwisha. Sukuma adapta wima bila kuitikisatikisa, kwani soketi ya pini 9 ni dhaifu, na 6SN7 iliyosimama juu yake inakuwa mnara unaoyumba.

Baada ya hapo sikiliza. Adapta inarefusha nyaya za gridi, na nyaya hizo hudaka mvumo kama antena. Mvumo ukitokea, rudisha valvu ya zamani bila adapta: ukinyamaza, usikimbilie kununua valvu nyingine kabla ya kusafisha pini na kuangalia kama adapta imekaa sawasawa.