Urusi haikufungua soko lote

Juzi tena, safari hii msibani, shemeji mmoja mwenye kikombe cha kahawa mkononi ananifundisha kazi yangu: "Urusi ilifungua soko lote siku moja, ikafilisika. China imefunga siasa, imetajirika." Msibani hakubishwi. Nabishia hapa.

Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Rais Boris Yeltsin wa Urusi iliachia bei nyingi, ziamuliwe na soko. Nyingi, shemeji, si zote. Mafuta ghafi yalibaki na bei ya serikali, na kuyauza nje kulitaka leseni. Sasa piga hesabu: unanunua pipa ndani kwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, unaliuza Ulaya kwa dola. Huchimbi, husafishi, kazi yako ni kujuana na mwenye muhuri. Hilo nalo soko huria? Aliyenenepa hapo hakutaka ukomunisti urudi, wala hakutaka bei zilizobaki ziachiwe. Alitaka mlango ubaki nusu wazi na yeye awe bawabu.

Kisha ikaja vocha (si ya simu). Kila raia alipewa ya rubli 10,000 akanunulie hisa za mashirika ya umma, mwaka ambao mfumuko wa bei ulipita asilimia 2,000. Wengi waliziuza kwa bei ya kutupa. Mwaka 1995 serikali ikakopa benki kwa rehani ya hisa: asilimia 38 ya Norilsk Nickel, kampuni kubwa ya nikeli, kwa dola milioni 170 hivi, na benki iliyosimamia mnada wa kumpata mkopeshaji ndiyo iliyoondoka na mzigo.

Poland, tarehe 1 Januari 1990, waziri wa fedha Leszek Balcerowicz aliachia bei, akakata ruzuku, akafungua biashara ya nje. Iliuma: uzalishaji ulishuka miaka miwili, watu wakapoteza kazi, kufikia 1992 uchumi ulikuwa unakua. Lakini mashirika makubwa hawakuyauza mbiombio. Mpango wao wa kuyabinafsisha kwa mkupuo ulianza kutekelezwa 1995! Kuachia bei na kugawa mali ya umma ni mambo mawili, na nimechoka kuyasikia yakiitwa jina moja.

China naipitia haraka. Mwaka 1978, mageuzi yalipoanza, Wachina wengi walikuwa wakulima. Ukimwachia mkulima shamba, unaona mavuno msimu ujao. Warusi walikuwa na viwanda vya vifaru. Hebu igawie kila familia kipande cha kiwanda cha vifaru.

Sasa yanayoninyima usingizi. Poland ilisamehewa nusu ya deni lake kwa serikali za nje, kwa makubaliano ya 1991, na mashamba yake mengi yalikuwa ya wakulima wadogo hata enzi za ukomunisti. Sifa za Balcerowicz zipunguzwe kiasi gani? Uzbekistan nayo, iliyokuwa pamoja na Urusi katika Umoja wa Kisovieti, ilifungua soko kidogo sana, na bado miaka ya tisini uchumi wake ulianguka kidogo kuliko wa Urusi. Darasani nikiulizwa kwa nini, najibu "pamba na dhahabu", yaani ilikuwa na vya kuuza nje, kwa sauti inayojiamini kuliko mimi mwenyewe.

Na siasa? Mwaka 1993 wapiga kura wa Poland, wakiwa na hasira, waliwarudisha madarakani wakomunisti wa zamani, na hao hawakuyafuta mageuzi. Serikali zilibadilika mara kwa mara, bawabu akakosa wa kuzoeana naye. Naipenda hoja hii. Ila Poland imepakana na Ujerumani, ikaingia Umoja wa Ulaya 2004, na kila ninapotaka kuisifu kura, ramani inanikata kauli.